Anastasie na Peremende Zisizo na Ngano

Watu wa Bwera, mji wa mpakani upande wa Uganda, walikuwa wakisema kwamba Anastasie alizaliwa na mdomo wa chini uliobinuka. Haikuwa kweli. Alizaliwa Butembo, upande wa Kongo, na mdomo kama wa watoto wengine, ukabinuka polepole kadiri alivyozidi kuiona dunia. Aliidharau chai ya Uganda kwa wepesi wake na ya Kongo kwa uchungu wake. Alimdharau padri kijana wa parokia kwa sababu alihubiri huku anachungulia saa. Ukimsalimia asubuhi, alikutazama kwanza kuanzia viatu kwenda juu, ndipo akajibu, na muda huo wa kutazamwa ulitosha kukufanya ujutie shati ulilovaa.

Kitu kimoja tu hakukidharau: mikate yake. Kwao Butembo, mikate ni yale maandazi madogo ya mviringo yanayoumuliwa kwa hamira na kukaangwa kwenye mafuta mengi hadi yapate rangi ya kahawia. Alivuka mpaka wa Mpondwe miaka kumi na minane iliyopita akiwa mjane, na binti mmoja, Benedicte, na karai la chuma kichwani. Kambini hakwenda. Alisema kambi ni ya watu wanaongoja, na yeye hajawahi kumngoja mtu. Mwaka huohuo akaanza kukaanga tena. Siku za soko, Jumanne na Ijumaa, wachuuzi wa pande zote mbili za mpaka walimzunguka kama nyuki, naye akawahudumia kana kwamba wamemkosea.

Mbambu, mtoto pekee wa Benedicte, alikulia kwenye mikate hiyo. Kabla hajaota meno, bibi yake alimlowekea kipande katika maziwa. Alipoota meno alipewa mzima, kisha miwili. Na kadiri alivyokula ndivyo alivyodhoofika. Tumbo lilimvimba, miguu ikawa vijiti, nywele zikapauka, na kuharisha hakukukoma. Walimtibu malaria aliyokuwa hana. Walimpa dawa ya minyoo mara tano. Jirani mmoja alinong'ona kwamba mtoto kafanyiwa jambo, na jina la mfanyaji akalitaja. Anastasie alimtazama jirani huyo kuanzia viatu, akaingia ndani, akamwongezea mjukuu wake mkate wa tatu ili apate nguvu.

Aliyepata jibu ni daktari wa Kampala, msichana ambaye Anastasie alimwona mdogo hata kwa kazi ya kupima homa. Alitoa damu, akapitisha mpira wenye kamera mdomoni mwa mtoto hadi kwenye utumbo, kisha akawaita mama na bibi ofisini. Akasema ugonjwa unaitwa siliaki.

"Ndani ya ngano kuna kitu kinaitwa gluteni," alieleza. "Watu wengi hakiwasumbui. Huyu kila anapokila, mwili wake unajipiga wenyewe utumboni. Hakuna kidonge. Dawa ni kuacha ngano na shayiri kabisa, maisha yake yote. Hata chembe moja asiguse."

"Yesu alivunja mukate," alisema Anastasie, "weye unasema ni sumu?"

"Kwa mtoto huyu, mama, ndiyo."

Anastasie alirudi Bwera akiwa amembinulia mdomo daktari, hospitali na mji mzima wa Kampala. Wiki tatu Mbambu alikula ndizi, muhogo, wali, maharage na samaki, na tumbo likaanza kushuka. Bibi akasema ni rozari. Siku moja, Benedicte akiwa safarini, alimpa mtoto mkate mmoja, mdogo, wa moto, ili dunia ione kwamba yule msichana wa Kampala hajui kitu. Mbambu aliula huku amefumba macho kwa utamu. Kabla jua halijazama alikuwa anatapika, na alitapika siku mbili. Anastasie alikaa kando yake, beseni mkononi. Siku ya tatu alimpigia simu Benedicte, akasema maneno mawili tu: "Ni miye."

Tangu hapo aliamini. Alimnunulia mtoto sufuria yake, kijiko chake, kikombe chake, akavifungia kabatini na ufunguo akauvaa shingoni pamoja na msalaba. Dharau haikumtoka, ila sasa ilipata pa kwenda: kwa kila mtu ambaye hakuamini. Nao walikuwa wengi. Mashemeji walisema mtoto ana madaha. Katekista alisema hajawahi kusikia mtu mweusi anayekataa chapati. Mama mmoja wa kanisani alimnyemelea Mbambu na biskuti, akisema ni ndogo mno kudhuru mtu. Anastasie aliichukua ile biskuti, akaiponda kwa kisigino mbele ya kanisa zima lililokuwa linatoka misani, kisha akamwuliza yule mama naye alitaka kumponda mtoto wa nani leo.

Mambo yalikuwa hivyo ilipofika Oktoba, Mbambu akiwa na miaka minane. Alikuwa anaishi na mama yake mjini Kasese, akisoma katika shule ya binafsi ya Mwalimu Bwambale. Bwambale huyu alikuwa amealikwa ng'ambo majuma matatu, akarudi na koti zito asilolivua hata jua la Kasese linapolainisha lami, na akarudi na Halowini. Barua ikaenda kwa wazazi wote. Ijumaa ya mwisho wa mwezi, watoto waje wamevaa kama mizimu, mafuvu na wafu. Kila mzazi alete peremende za kutosha darasa zima. Wanafunzi watapita mlango hadi mlango wakiomba.

Benedicte alikuwa Katunguru kununua samaki wa kupeleka sokoni, na asingerudi hadi Jumatatu. Mbambu alikuwa amekuja Bwera kwa bibi yake mwisho wa juma, na barua mkobani mwake. Anastasie alimsikiliza akiisoma hadi mwisho, mikono yake ikiwa ndani ya kinyunga cha mikate.

"Rudia hapo," alisema. "Bavae namna gani?"

"Kama wafu, Mukaka," Mbambu alimjibu bibi yake.

"Na baombe chakula kwa milango?"

"Peremende."

Anastasie alihesabu siku. Siku iliyotajwa katika barua ilikuwa mkesha wa Watakatifu Wote. Keshokutwa yake ni siku ya Marehemu, siku ambayo kila mwaka alimwashia mshumaa mumewe Hilaire, aliyeuawa katika shamba lake la kakao upande wa Beni na kuzikwa bila sanda, kwa kuwa waliomzika walikuwa wanakimbia. Na mtu mzima, mwenye cheti cha ualimu, anataka watoto wavae shuka nyeupe wacheke.

"Kuomba miye nilikataa, na nilikuwa mukimbizi," alisema. "Leo benye kuvaa viatu njo banafundishwa kuomba. Hauendi."

Mbambu hakulia. Alikunja barua mara nne, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba hata sherehe ya mwaka jana hakuwa na shida nayo. Wenzake walikula keki, yeye akawekwa ofisini na ndizi mbivu, na katibu alikuwa mzuri, alimruhusu kupiga mihuri kwenye karatasi tupu.

Anastasie alitoa mikono kwenye kinyunga.

"Mihuri?" aliuliza.

"Nilipiga mingi, Mukaka. Karatasi ikajaa."

Bibi alinawa mikono hadi viwikoni, kwa sabuni, mara mbili kama ilivyokuwa desturi yake kabla ya kumgusa mtoto huyu, akajifunga kitenge cha kutokea. "Tunaenda kutafuta bombo," alisema. "Na hautavaa kama maiti. Utavaa kama mutu."

Maduka ya Bwera waliyamaliza asubuhi ileile. Kulikuwa na peremende za kila rangi, na karatasi zake zimeandikwa Kichina, Kiarabu na lugha ambazo hata muuzaji hakuweza kuzitaja. Anastasie alivaa miwani, akapindua kila mfuko, akauliza swali moja: "Hii iko na ngano ndani?" Wauzaji walicheka. Mmoja aliapa kwa mama yake kwamba ni sukari tupu. Mwingine aliuliza tangu lini ngano ikawekwa kwenye switi. Mubarak peke yake, mwenye duka karibu na msikiti, ndiye aliyeishika karatasi ya Kiarabu, akaitazama kwa muda mrefu, akasema, "Mama, mimi nilifundishwa kusoma Kurani, sikufundishwa kusoma pipi. Sijui. Usimpe mtoto kitu ambacho sijui." Anastasie alimtazama kuanzia viatu na hakuona cha kudharau. Akampa mkono.

Jumatatu alimrudisha mtoto shule, kisha akaenda dukani kwa Eridadi kwenye barabara kuu ya Kasese, kwa sababu aliambiwa huko wanapata vitu vya watalii wanaokwenda mbugani. Eridadi alikuwa mwanaume mnene mwenye tabasamu lisilokuwa na saa za kufunga. Mara alipolisikia neno gluteni alipiga makofi.

"Umefika nyumbani, mama! Hii hapa ndiyo ya wagonjwa. Wazungu wanachukua hii kila siku."

Akaweka mezani mfuko wa peremende ndefu laini, kama kamba za rangi. Mbele yake palikuwa na stika ya kijani inayosema kwa Kiingereza kwamba hazina gluteni. Anastasie alifurahi, na kwa kuwa hakuzoea kufurahi, alishtuka. Akainua macho. Rafu ya nyuma ya Eridadi ilikuwa na stika zilezile za kijani, kwenye paketi za chumvi, kwenye mishumaa, na kwenye miche ya sabuni ya kufulia.

"Nani alibandika hizi karatasi?"

"Zinakuja hivyo kutoka kiwandani, mama."

"Kiwanda ya mishumaa na kiwanda ya bombo iko moja?"

"Ni kampuni kubwa," alisema Eridadi.

Anastasie aliugeuza mfuko. Nyuma yake maandishi yalikuwa madogo kama mayai ya chawa, katika lugha saba, na moja ya lugha hizo ilikuwa Kifaransa. Masista wa Butembo walimfundisha Kifaransa kwa fimbo, akawadharau kwa hilo miaka hamsini, na sasa aliwashukuru kwa dakika moja. Neno la pili baada ya sukari lilikuwa unga wa ngano.

"Soma hapa," alisema.

"Mimi Kifaransa sijui, mama."

"Miye najua. Imeandikwa *farine de blé*. Njo unga ya ngano. Weye unauzisha mutoto sumu na karatasi ya kijani juu. Unanidanganya na meno yote inje."

Tabasamu la Eridadi lilibaki mahali pake, likiwa halina kazi tena. Alisema kwamba kiasi kidogo hakiwezi kuua mtu. Alisema kwamba magonjwa haya ni ya Wazungu. Mwisho alisema anaweza kumpunguzia. Anastasie alimtazama kuanzia viatu, akaishia kwenye viatu, kana kwamba juu ya hapo hapakuwa na kitu cha kutazamwa, akatoka.

Alikata shauri atengeneze mwenyewe. Kashata za karanga hazina siri: sukari, karanga, asali kidogo. Alhamisi Benedicte, akiwa ananuka samaki wa Katunguru, alimleta Mbambu Bwera baada ya masomo, na mtoto akaketi kwenye kigoda jikoni kutazama. Anastasie alifungua kabati kwa ufunguo wa shingoni. Alichukua sufuria ya mtoto. Alichagua karanga moja moja, akazikaanga, akazipepeta maganda. Aliyeyusha sukari hadi ikawa nyekundu, akamimina karanga, akakoroga. Wakati wote huo alikuwa akisema. Alimsema Eridadi, akamsema Bwambale na koti lake, akawasema watu wote duniani wasiojua kuangalia wanachofanya kwa mikono yao. Akaandaa sinia, akanyunyiza juu yake kitu kidogo ili kashata zisigande, akamimina, akalainisha kwa mgongo wa kijiko.

"Mukaka," alisema Mbambu, "hii nyeupe ni unga gani?"

Anastasie alitazama chini. Gunia la unga wa ngano lilikuwa pale lilipokuwa siku zote, kando ya mguu wake wa kulia, mdomo wazi. Vidole vyake vilikuwa vyeupe. Vilikuwa vimejichotea vyenyewe, kama vilivyojichotea kila siku kwa miaka arobaini, bila kumwomba ruhusa.

Benedicte alimtazama mama yake, kisha akatazama ukutani, kwa adabu.

"Angalia huyu muzee," alisema Anastasie hatimaye. Alikuwa anajisema mwenyewe, kwa sauti ileile aliyomtolea Eridadi, na mdomo umebinuka vilevile. "Angalia huyu mupumbavu. Yule mwizi wa Kasese alibandika karatasi. Huyu hata karatasi hana."

"Lakini sijala, Mukaka," alisema Mbambu.

"Nyamaza. Usinihurumie. Weye njo uko na macho humu ndani, kaa nayo."

Sinia lile alilipeleka kwa waendesha bodaboda wa kona, wakalimaliza huku wakishangaa ukarimu huo unatoka wapi. Aliporudi alilifunga gunia, akamwambia Benedicte alitoe nje, aliweke mbali na jiko. Akaosha kuta, meza na kucha zake. Kisha akaanza upya, mara hii juu ya jani la mgomba lililopakwa mafuta mapya, na kila alipotaka kugusa kitu alimwuliza kwanza mtoto. Mbambu alijibu kwa ukali wa afande wa mpakani: hiki ndiyo, hicho hapana, nawa tena. Anastasie alitii, jambo ambalo Benedicte hakuwahi kuliona tangu azaliwe.

Ijumaa hakukaanga, ingawa ilikuwa siku ya soko. Alipanda gari hadi Kasese pamoja na mtoto, kashata zake zikiwa katika kopo jipya. Uani mwa shule palijaa mashuka meupe yenye matundu ya macho, na watoto ndani yake wakitoka jasho. Mbambu alikuwa amevaa shati jeupe la mama yake lililomfika magotini, na kalamu mfukoni. Alisema yeye ni yule daktari wa Kampala.

Bwambale alimpokea Anastasie akiwa na joho jeusi juu ya lile koti, na uso umepakwa chokaa.

"Asante, mama, lakini hivi vya nyumbani hatuwezi kupokea," alisema. "Havina lebo. Sheria yetu ni vitu vya kiwandani tu. Na usijali kuhusu mjukuu wako. Mimi mwenyewe nimemnunulia za kwake, maalumu."

Akatoa mfuko mezani. Kamba za rangi, na stika ya kijani.

Anastasie hakupaza sauti. Aliingiza ukucha chini ya stika, akaivuta polepole, akamsogezea mkuu wa shule mfuko.

"Direkta, weye ulisoma. Kiingereza iko chini pale. Soma kwa nguvu, miye macho yangu ni ya zamani."

Bwambale alisoma neno la kwanza. Alisoma la pili, kisha akasimama. Walimu wawili na mpishi wa shule walikuwa mlangoni wakisikiliza.

"Unga wa ngano," alisema kwa sauti ndogo.

"Ungemupa?"

"Mama, imeandikwa mbele..."

"Ungemupa mutoto, atapike hapa katikati ya maiti zako za shuka. Unafundisha batoto kusoma, na weye unasoma karatasi ya juu tu. Toa hiyo chokaa kwa uso, unanitia haya."

Alipangusa kweli, kwa mkono wa joho, akabaki na nusu ya uso. Kisha akachukua kopo la kashata, akalipeleka darasani mwenyewe bila kutaja lebo tena. Mbambu alikula kashata nne akiwa amekaa katikati ya mizimu ya darasa lake, na wenzake wakamaliza zilizobaki, maana zile peremende nyingine zilikuwa zimeyeyuka kwa joto. Usiku ule alilala vizuri, na Jumamosi akaenda misani na bibi yake kwa miguu yake.

Ijumaa ile, kabla hajaondoka shuleni, mpishi alimfuata Anastasie hadi getini. Jina lake Evas, wa Muhokya. Alisimama akikunjakunja aproni.

"Mama, mimi niko na mtoto wa miaka minne. Tumbo linavimba hivi. Nyumbani wanasema amerogwa. Hiyo ulisema ndani, ndiyo hiyo pengine?"

"Na weye umengoja nini miaka mine?" aliuliza Anastasie. "Umengoja asome na kukuandikia barua?"

Lakini Jumatatu alikuwa Muhokya mapema, akamchukua mama na mtoto hadi hospitali, akakaa kwenye benchi siku nzima akimweleza muuguzi, daktari na wagonjwa wote waliokuwa kwenye foleni habari za gluteni. Alisema amelijua tumbo lile mara tu alipoliona. Alisema kuna wajinga wanaotibu minyoo mtoto anapokufa kwa ngano. Majibu yalitoka alasiri. Yalikuwa minyoo. Daktari alimpa mtoto vidonge, na baada ya majuma mawili tumbo lilikuwa limelala, na mtoto anakimbia akila chapati mikono miwili.

Evas alikuja Bwera kushukuru akiwa na kuku mkononi. Anastasie alimshika kuku huyo mbawa, akamgeuza, akampapasa kifua.

"Mwembamba," alisema. "Hata minyoo ingemukataa. Ingia, kaa, chai iko tayari. Chai ya Uganda, lakini utafanya nini."